Kubuku hoteli Lamu: swali ni nani atapokea simu usiku

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na ikiwa ndefu mkasi unao wewe. Nataka kumjibu yule msomaji aliyeandika kwamba siku hizi mtu anayekwenda kwa ejenti kutafutiwa hoteli ni mshamba, ati kila kitu kiko kwenye simu na maejenti ni madalali tu wa kula pesa za watu. Mimi kazi yangu ni kupokea wageni katika nyumba ndogo ya wageni hapa Lamu, mtaa wa Mkomani. Wageni wa apu nawapokea mimi, wa ejenti nawapokea mimi, na wale wa kupiga simu "hallo, mna rumu?" pia ni mimi, kwa hivyo nikisema nasema nilichokiona. Sina ubia na ejenti yeyote wala sijanunuliwa chai na mtu.

Huyo ndugu hajakosea yote. Mtandao umetusaidia sana sisi wenye nyumba ndogo, tukatae tukubali. Booking.com, tovuti ya kubuku hoteli, ilianza Uholanzi mwaka 1996, Airbnb ikaja 2008 kule San Francisco, na kabla ya haya mambo kufika huku kwetu nyumba ya vyumba vinne iliyo ndani ya kichochoro ilikuwa haijulikani na mtu ila labda Mzungu aliyewahi kulala hapo akamwambia mwenzake, au mwenye nyumba awe na jamaa yake Nairobi mwenye ofisi ya safari. Mji wenyewe UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2001, watu wanausikia, lakini kusikia Lamu ni jambo moja na kujua ulale wapi ni jambo lingine. Leo mtu yuko Eldoret kitandani anaona dari yetu, anaona chandarua, anaona hadi kikombe cha chai, na nyumba yetu imekaa kwenye listi moja na hoteli kubwa za Shela, kijiji cha jirani kwenye kisiwa hiki hiki. Hilo ni jema na ejenti hakuwahi kutufanyia.

Lakini sasa tuseme ukweli, huyo mtu wa Eldoret kweli anabuku mtandaoni? Ntakuambia ninachokiona mimi. Anaangalia. Anaangalia sana, usiku, pengine wiki nzima anaangalia, halafu anapiga skrinshoti anaitafuta namba yetu Facebook au kwa rafiki yake aliyewahi kuja, ananitumia WhatsApp ile picha na swali moja tu, "hii bei ya mwisho ni ngapi?" Nikimjibu ananiuliza chumba kina feni, maji ya moto yapo, watoto wanalipa nusu, mnapika wenyewe ama tunatafuta chakula nje, halafu mwisho kabisa anauliza kitu ambacho naona ndicho alichokuwa akitaka tangu mwanzo: "na tukifika pale jeti ya boti kuna mtu atatuchukua?" Nikisema ndiyo, mimi mwenyewe au kijana wetu, anatuma nusu ya pesa kwa M-Pesa hapo hapo. Kadi yake ya benki anayo lakini kuiandika namba zake kwenye tovuti hataki, na wengi wananiambia wazi wanaogopa. Kwa hivyo huyo tumhesabu wapi? Si wa mtandao, si wa ejenti. Ni wa simu, na wa aina hii ndio wengi kati ya Wakenya wanaokuja kwetu.

Na ana sababu nzuri ya kupiga simu, hata kama haijui. Nyumba nyingi za wageni za pwani hii zina bei mbili, ya wakaazi na ya wageni wa nje. Kwenye apu mara nyingi inawekwa moja, tena kwa dola, na mwenye nyumba akiwa na akili anaweka ile ya juu. Mkenya analipa bei ya mtalii na anafurahi ati amepata ofa ya asilimia kumi. Ofa yenyewe anayeilipa ni sisi! Zile diskaunti unazoziona na rangi yake nyekundu mara nyingi hazitoki mfukoni mwa kampuni ya tovuti, zinakatwa kwenye pesa ya nyumba, na juu yake komisheni, ambayo kwa kawaida inazunguka asilimia 15 na ikipanda zaidi kwa wanaotaka kuonekana juu kwenye listi. Piga hesabu. Tuseme chumba ni shilingi 6,000, siku tatu ni 18,000, asilimia 15 ya hapo ni 2,700. Hiyo 2,700 ukinipigia simu tunaweza kuigawana, wewe upunguziwe kidogo na mimi nibaki na kidogo, na pengine samaki wa siku ya kwanza juu yetu. Kule Ulaya tovuti hizi zilikuwa na sharti kwamba hoteli isiuze kwenye tovuti yake mwenyewe bei ya chini kuliko iliyoko kwao, mpaka mwaka 2024 sheria mpya ya Umoja wa Ulaya ikawabana na Booking.com ikaliondoa sharti hilo kwa nchi zile. Huku kwetu hatujafika huko. Lakini sharti la kwenye tovuti ni la kwenye tovuti, kwa simu hakuna anayesikia.

Halafu kuna hii ya "kimebaki chumba kimoja tu!" Msomaji wako anasema imemsaidia kuamua haraka. Nakubali, imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Kinachosemwa pale ni kwamba tovuti ile imebakiwa na chumba kimoja kati ya vile ilivyopewa, vingine mimi ninavyo hapa kwenye daftari. Nshapigiwa simu na mtu anahema ati wahi nizuilie kile cha mwisho, na siku hiyo nyumba ilikuwa nusu tupu, mwezi wa tano, mvua inanyesha na hata paka wa mtaani wamelala ndani kwetu. Mwaka 2019 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Uingereza iliyaweka chini makampuni sita ya kubuku hoteli, Booking.com, Expedia, Agoda, Hotels.com, ebookers na trivago, yakaahidi kuacha kuwapa wateja presha ya uongo namna hiyo, yaonyeshe bei yote pamoja na makato ya lazima, na yaseme wazi kama hoteli iko juu kwa sababu imelipia. Ikiwa Waingereza waliozoea kununua mtandaoni walihitaji serikali iwaingilie, si aibu kwa mtu wa Lamu au Machakos kuwa na wasiwasi.

Sasa nije kwenye mambo yetu ya Lamu yenyewe, maana huyo ndugu aliandika kama vile hoteli zote ziko barabara kuu na teksi inakushusha mlangoni. Uwanja wa ndege uko Manda. Manda ni kisiwa na Lamu ni kisiwa kingine, katikati ni bahari. Tovuti inapima kwa kunyoosha mstari, inakuandikia hoteli iko kilomita kadhaa kutoka uwanja wa ndege, na mgeni anafikiri atatembea! Nshampokea kwenye simu mtu aliyesimama Manda na begi lake la magurudumu ananiuliza barabara ya kuja mjini ni ipi. Mwingine alibuku nyumba imeandikwa Lamu, kumbe iko Manda ng'ambo kabisa, nzuri sana, tulivu, lakini kila akitaka kuja mjini kununua maji ni boti, na usiku nahodha naye ana bei yake. Hakudanganywa. Manda nayo imo ndani ya Kaunti ya Lamu. Ila hakuna aliyemwambia.

Na nyota nazo, hizi nyota watu wanazoziamini kama fatwa. Kuna nyumba jirani yetu, safi, mama anayepika ana mkono mzuri hata sisi tunakwenda kula kwake, ilishushwa alama na mgeni mmoja kwa sababu "kuna kelele za msikiti alfajiri na punda wanalia." Sasa bwana, umekuja Lamu. Misikiti tunayo zaidi ya ishirini katika mji huu mdogo na punda ndio lori letu, tufanyeje, tuwafunge midomo? Mgeni huyo hakuwa mtu mbaya, ni kwamba alichagua kwa picha, na picha haina sauti. Ejenti anayeijua Lamu angemuuliza swali moja tu, unalala mpaka saa ngapi, akamweleza mapema au akampeleka Shela upande wa mchanga. Tena utakuta anayesoma ile alama anaona tu tarakimu, 7 na kitu kwa 10, anapita, hasomi kwamba kosa la nyumba ni adhana.

Maulidi ndiyo usiseme. Maulidi ya Lamu yanajulikana, watu wanatoka Comoro, wanatoka Zanzibar, wanatoka Mombasa na Malindi kwa mabasi, nyumba zinajaa mpaka watu wanalala barazani. Tarehe inafuata mwezi, kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja hivi, na zile siku zenyewe za shughuli pale msikiti wa Riyadha wanaozijua vizuri ni watu wa hapa. Kalenda ya apu haina habari hiyo. Wako waliobuku kwa kuangalia tarehe waliyoipata mtandaoni, wakalipa ile bei ya bila kurudishiwa kwa sababu ni rahisi zaidi, wakafika mji umetulia kabisa, zafa, yale maandamano ya Maulidi, ishapita. Wanatulaumu sisi.

Lakini ngoja nieleze kisa kimoja kwa urefu kidogo, kwa sababu ndicho kilichonifanya nishike kalamu niliposoma barua ile. Jioni moja, magharibi ishaadhiniwa, alikuja kijana hamali na familia nyuma yake, mama, bibi mzee, na watoto watatu, mdogo amelala mgongoni. Walikuwa wametoka Mombasa asubuhi kwa basi, wakashuka Mokowe, wakavuka kwa boti. Wamebuku nyumba nzima kwenye tovuti moja, wamelipa yote kwa kadi, nyumba ina roshani na mapambo ya zidaka, picha nazijua, nyumba naijua. Imefungwa. Mlinzi hajui habari yoyote ya wageni, mwenyewe yuko Ulaya, namba iliyoandikwa inaita haipokelewi. Yule mama akakaa kwenye daka letu akafungua sehemu ya msaada kwenye simu yake, nami nikasogea nione. Ikamjibu roboti, kwa Kiingereza kizuri kabisa, kwamba inafurahi kumsaidia na achague tatizo lake kwenye listi. Kwenye listi kulikuwa na kubadili tarehe, kuongeza kitanda cha mtoto, kuomba risiti. Hakuna "nimefika na mlango umefungwa na mama yangu ana kisukari." Akachagua iliyo karibu karibu, ikamwambia watawasiliana na mwenye nyumba, asubiri. Bibi mzee yeye alikuwa keshavua viatu, anauliza choo kiko wapi.

Tulikuwa na chumba kimoja, tukaongeza magodoro, wakala, wakalala. Kesho yake nikawatafutia nyumba ya mtu ninayemjua. Pesa zao za tovuti zilirudi baadaye, sikatai, mama alinitumia ujumbe kunieleza, ila ilikuwa baada ya kuandikiana sana na kuulizwa ushahidi kwamba hawakulala mle ndani. Utathibitishaje kwamba hukulala mahali? Likizo yenyewe waliilipa mara mbili kwanza, na kama yule mama asingekuwa na pesa za ziada kwenye simu sijui. Sheria tunayo, ile ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inataja mpaka mikataba ya intaneti, na Katiba kifungu cha 46 kinampa mteja haki zake, lakini saa mbili usiku na watoto wamelala kwenye mabegi nani atafungua kifungu.

Msomaji wako atasema haya, huyo ni mmoja, kwa ejenti hakuna matapeli? Wapo! Tena hapa ndipo nataka maejenti nao wanisikie wasije wakakata hii barua wakaibandika ofisini. Kuna kikundi cha walimu walitoka bara, wamechanga mwaka mzima kwenye chama chao, wakampa ejenti pesa yote, nauli, hoteli, safari ya mashua mpaka magofu ya Takwa. Ejenti alitupigia akazuia vyumba, akasema pesa iko njiani. Wiki ikapita iko njiani. Siku ya kufika walimu wako mlangoni, punda amebeba mizigo, risiti wanazo zenye muhuri mzuri wa bluu, na simu ya ejenti imezimwa. Sasa mimi nifanye nini, niwaambie watu wazima waliolipa kwamba hamjalipa? Mwenye nyumba alikubali walale kwa kulipa nusu, nusu nyingine mpaka leo tunaidai hewa. Wale walimu wakirudi kwao watasema Lamu kuna wizi. Hawatasema ejenti wetu wa mtaani kwetu ndiye mwizi, maana yeye alikuwa na ofisi, na kalenda ukutani, na alama za ndege.

Kwa hivyo ofisi na muhuri si dawa. Hata ukubwa si dawa. Thomas Cook ya Uingereza, kampuni iliyoanza safari zake 1841, ilianguka Septemba 2019 kwa usiku mmoja, na wateja wake karibu 150,000 wa Uingereza walikuwa nje kwenye likizo. Hao walirudishwa kwao kwa ndege zilizokodiwa na serikali yao kwa sababu kule ukinunua safari ya pamoja kuna mfuko wa kukulinda. Mahoteli ya Hispania na Ugiriki na Uturuki yaliyowalaza yakaachwa na madeni. Hapo utaona mteja wa ejenti kule anajua kwamba akikwama kuna mkono wa kumshika, ndiyo maana bado wako wanaonunua kwa ejenti na intaneti wanayo kali kuliko yetu. Majirani zetu Malindi wamewaona Waitaliano wa namna hiyo miaka na miaka, mtu amenunua Milano kila kitu, ndege, kitanda, chakula, mpaka gari la kumtoa uwanjani, na hana haja ya kujua jina la mtaa.

Huku kwetu mkono huo ni upi? Leseni. Sheria ya Utalii ya 2011 inataka biashara hizi ziwe na leseni na kuna mamlaka ya kuzitoa, kwa hivyo muulize ejenti akuonyeshe, asione haya kukuonyesha na wewe usione haya kuuliza. KATO, chama cha waandaaji safari, kipo tangu 1978, unaweza kuuliza kama mtu wako ni mwanachama. Watu wanaona aibu kuuliza, wanaona kama wanamtukana. Kwenye apu husomi masharti na kwa ejenti huulizi leseni, halafu tunabishana ipi ni salama.

Na mnisikie tena, yuko ejenti mmoja Mombasa ambaye mteja wake nikimwona nafurahi. Si kwa sababu ananiletea wengi. Desemba moja ndege ya mchana ilichelewa Nairobi mpaka ikawa haijulikani itaruka au hairuki, abiria wawili wazee wanaosherehekea miaka ya ndoa yao, harusi ya dhahabu sijui ya fedha, wametulia tu kule uwanjani wanakula keki. Huyu ejenti alinipigia mimi nisitoe chumba, akampigia nahodha asiondoke Manda, akawapigia watu wa ndege, akanipigia tena kusema mzee hali chumvi. Walifika giza limeingia, boti ipo, kijana ana tochi, supu iko mezani bila chumvi. Wale wazee hawakujua kwamba kulikuwa na tatizo. Waliniambia asubuhi, "mbona watu wanasema Lamu ni mbali, sisi tumekuja vizuri." Sasa hiyo kazi utaitia kwenye listi gani ya bei? Anayelinganisha 18,000 ya apu na 21,000 ya ejenti anaona 3,000 imeliwa. Haoni simu zilizopigwa kwa sababu hazikupigwa mbele yake.

Tena nashangaa, hawa hawa ndugu zetu wanaowacheka watu wa ejenti, wakitaka kwenda Hija nani anabuku mwenyewe hoteli ya Makka kwa simu? Hakuna. Utamwona anazunguka Mombasa ofisi baada ya ofisi anauliza kundi la fulani likoje, wanalala mbali na msikiti wa Haram au karibu, kiongozi wao ni nani, mwaka jana walilalamikiwa? Hapo bei haiwi ya kwanza hata kidogo. Na yaliyotokea 2022 yanajulikana, Saudia ilipowaondoa mahujaji wa Ulaya, Marekani na Australia mikononi mwa maejenti ghafla, ikawaambia wote waombe kwenye tovuti moja ikiitwa Motawif, wiki chache tu kabla ya Hija. Watu walilipa wakaambiwa malipo yamekwama, wengine wakafika uwanja wa ndege hawana tiketi, simu ya msaada haipokelewi. Mwaka uliofuata wakaiweka kando wakaleta nyingine, Nusuk. Sisi wa huku tulibaki na vikundi vyetu na maejenti wetu, na mwaka ule hatukuwaonea wivu wenye intaneti ya kasi. Sisemi Nusuk ni mbaya, kwa umra wapo vijana wanaijua na inawafaa. Nasema tu kwamba mtu akienda mahali ambapo hawezi kumudu kukwama, mwenyewe anamtafuta binadamu.

Basi mimi nikiulizwa na jamaa yangu, simwambii apu wala simwambii ejenti, namuuliza unakwenda na nani. Kijana peke yake na begi la mgongoni, buku unavyotaka, ukikosa utalala hata kwa rafiki. Una mama yako mzee, au mko kumi na tano, au ni siku za Maulidi, au mwaka mpya ambapo Shela nzima imejaa watu wa Nairobi na bei zimepanda mara mbili, tafuta mtu mwenye jina na leseni, mlipe hiyo 3,000 yake. Na ukitumia tovuti, tumia kama dirisha, ona picha, soma yale maoni marefu ya wenye malalamiko uone wanalalamikia nini hasa, halafu ipigie nyumba yenyewe kabla hujalipa. Isipopokea simu mchana haitapokea usiku. Na ukiambiwa tuma pesa yote kwa namba ya mtu binafsi ambayo jina lake halifanani na la nyumba wala na la unayeongea naye, acha, hata picha ziwe nzuri vipi, maana picha za nyumba za watu zinaibwa kila siku na mtu anauziwa mbuzi ndani ya gunia akija anakuta nyumba ina wenyewe wanakula chakula chao cha mchana.

Kwa maejenti nina maombi machache na wasikasirike. Tulipeni kabla mgeni hajapanda basi, si baada. Mteja mwandikieni kwenye risiti hoteli ni kiasi gani, boti kiasi gani, na yenu kiasi gani, mbona mnaificha kama vile ni haramu, ni jasho lenu. Watu wanawaita madalali kwa sababu wanaona tarakimu moja kubwa bila maelezo. Na njooni Lamu wenyewe mlale, si kutuuza kwa brosha, wako wanaotuma wageni huku na hawajawahi kuvuka Mokowe.

Wenye nyumba wenzetu mlioko Nairobi na Ulaya, mlioweka nyumba mtandaoni mkaacha mlinzi asiye na simu ya maana, nyinyi ndio mnaowafukuza watu, si mtandao. Weka mtu hapa, mlipe, mpe kalenda aione kwenye simu yake, na mwambie saa tano usiku apokee. Kama hilo ni gharama, toa ile nyumba kwenye apu leo hii, tumechoka kuwalaza wageni wenu.

Namba yetu siiandiki hapa, Mhariri utasema natangaza biashara bila kulipia.

Mpokea wageni,
Mkomani, Lamu